Kununua mtumba mtandaoni kwa mtu usiyemjua: mkutane, umfuate kwake, utumiwe kwa basi au uletewe na bodaboda?

Tangazo la friji lilikuwa na picha tatu, bei shilingi 280,000, na maneno mawili yaliyonimaliza: "Nahama mkoa." Muuzaji alikuwa na adabu ya kupitiliza. Alinipigia mwenyewe, akaniita kaka, akasema wateja wanne wameshauliza ila angependa friji nilichukue mimi. Nimtumie tu elfu hamsini ya kushikia, iliyobaki nitampa nikishalipakia. Nikatuma. Saa 10 jioni nilikuwa Mbezi na kijana wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, niliyemkodi, tumesimama mbele ya kiwanja kilichopandwa mahindi. Simu ya muuzaji haipatikani. Kijana aliyatazama yale mahindi, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama tungoje au twende. Hela yake nilimlipa pia. Yeye si alifika?

Nikilikumbuka lile tukio, kuamini mtu sijilaumu sana. Ninachojilaumu ni kwamba nilikosea njia. Friji lililo dakika 40 kutoka kwangu nilikuwa nalinunua kwa utaratibu wa mtu aliye Mwanza anayeagiza kitu Dar: hela itangulie, kitu kifuate. Kila njia ya kukamilisha biashara na mtu usiyemjua inalinda kitu fulani na kuacha kingine wazi. Anayepigwa, yaani kutapeliwa, mara nyingi ni yule aliyelinda kisichokuwa hatarini.

Iwe umekiona kitu Kupatana, Jiji, Facebook Marketplace, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa au ukurasa wa Instagram, hapo ni ubao wa matangazo tu. Biashara yenyewe inabaki kati yako na yule mtu. Kwa hiyo tuache kubishana mtandao upi ni salama, tulinganishe njia nne ambazo kitu hutoka mkononi mwake kuja mkononi mwako.

Vigezo: jicho, pesa, mwili na kesho

*Jicho.* Je, utakiona kitu na kukijaribu kabla hela haijatoka? Picha haihesabiki, kwa sababu picha ya friji langu bila shaka ilikuwa ya friji la mtu fulani, mahali fulani.

*Pesa.* Hela inatoka lini, inakwenda kwa nani, na ikishatoka inarudi? Kwenye mitandao ya simu, muamala unaweza kuombewa kurudishwa iwapo hela bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji. Tapeli analijua hilo kuliko wewe. Huwa ameshatoa kwa wakala wakati wewe bado unasubiri huduma kwa wateja wapokee simu.

*Mwili.* Utakuwa wapi, saa ngapi, na nani anajua uko huko? Hiki ndicho kigezo tunachokikumbuka mwisho, na ndicho pekee kisicho na marejesho.

*Kesho.* Kitu kikifa baada ya siku tatu, au akitokea mtu na risiti akisema ni chake kiliibwa, una nini mkononi? Usilichukulie hili kwa wepesi. Tanzania, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 311 inamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Kenya kuna kifungu cha 322 kuhusu kushughulika na mali ya wizi, na adhabu yake inafika miaka 14. Simu ya laki nane uliyouziwa laki moja na nusu usiku kwenye kituo cha basi, hiyo bei yenyewe ndiyo itakayokuwa swali la kwanza la askari.

Muda na nauli nitavitaja vinapokuwa na uzito.

Njia ya kwanza: mkutane mahali penye watu

*Jicho.* Hapa unaona, unashika, unajaribu. Ila mahali mnapokutana ndipo panapoamua utajaribu vizuri kiasi gani. Wengi huchagua stendi kwa sababu ina watu wengi. Mimi natofautisha watu wanaopita na watu wanaokaa. Stendi ya Makumbusho ina maelfu ya watu na hakuna hata mmoja anayekuangalia, kelele, jua, kusukumana, na muuzaji anayesema "chap chap boss nina gari langu." Mkahawa wenye meza, soketi na mhudumu, au ndani ya jengo la maduka lenye walinzi na kamera, hapo watu ni wachache lakini wapo muda wote mtakaokuwepo.

Kwa simu, tenga nusu saa. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, na uifananishe na ya kwenye boksi. Tanzania itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, Kenya kwenda 1555, usubiri ujibiwe ni simu ya aina gani. Huduma hizi zilianza kutumika wakati mamlaka za mawasiliano zilipozima simu bandia, Kenya mwaka 2012 na Tanzania Juni 16, 2016. Zinafaa kwa kuumbua simu inayojiita Samsung wakati namba yake ni ya kitochi. Kisha weka laini yako, piga, pokea, chaji kwa chaja yako, piga picha kwa kamera zote, rekodi sauti.

Sehemu inayowaliza wengi ni akaunti. iPhone ambayo mwenyewe hajatoka kwenye akaunti yake ya Apple itakuwa kioo cha kujitazamia siku ukiifuta. Android nazo, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, zinaweza kudai akaunti ya Google ya mwenye simu hata baada ya kufutwa. Kwa hiyo muuzaji atoke kwenye akaunti zake, aifute mbele yako, kisha muiwashe kwa intaneti hadi ifike mwisho bila kuuliza lolote la zamani. Hilo litakusaidia pia kugundua simu za mkopo, zile za kulipia kidogo kidogo kila siku. Zikiunganishwa na intaneti baada ya kufutwa, jina la mkopeshaji hurudi kwenye kioo. Ukiliona, inuka. Deni la mtu mwingine halikuhusu mpaka ulinunue.

*Pesa.* Inatoka mwisho kabisa, na hilo ndilo jema kubwa la njia hii. Hatari iliyobaki ni kubadilishiwa. Kitu kimeshakaguliwa, umeshalipa, muuzaji anakiomba mara moja "nikufungie vizuri kwenye boksi," na nyumbani unafungua unakuta kipande cha sabuni au kigae. Kitu kikishafaulu mtihani kisirudi mkononi mwake, hata kama ni kwa kutoa laini yake. Aitoe kabla hujalipa.

*Mwili.* Pazuri, ilimradi mahali pasibadilike. "Nimekwama kidogo, njoo hapa nyuma ya jengo" ni sentensi ya kukurudisha nyumbani. Marekani vituo vingi vya polisi vimetenga sehemu za maegesho zenye kamera kwa ajili ya watu wanaouziana vitu mtandaoni. Kwetu ukimwambia muuzaji mkutane kituo cha polisi atakukatia simu, na wala si lazima awe mwizi.

*Kesho.* Hapa njia hii ni dhaifu. Mkishaachana una namba ya simu tu. Omba risiti ya awali kama ipo, piga picha kitambulisho chake kwa ridhaa yake, na andikeni karatasi fupi: kitu, IMEI au namba ya mashine, bei, tarehe, sahihi. Muuzaji wa kweli wa kitu cha laki tano huwa hana shida na dakika hizo mbili.

*Inamfaa* anayenunua kitu kinachobebeka na chenye thamani: simu, kompyuta ya mapajani, kamera, saa. Haimfai anayenunua kabati.

Njia ya pili: umfuate kwake

*Jicho.* Kwa friji, jiko, televisheni, kochi au mashine ya kufulia, hakuna jicho jingine. Friji linalowasha taa si lazima ligandishe. Mwombe aliache limewashwa tangu usiku, ukifika ukute barafu kwenye friza, uguse pembeni au nyuma usikie joto, usikilize kompresa ikiwaka na kuzima kwa zamu. Kama linanguruma bila kupumzika na maji ndani ni vuguvugu, huenda gesi imekwisha au kompresa inaaga. Na ukilisafirisha kwa kulilaza, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kulichomeka. Wapo waliouliza "mbona kaniuzia bovu" wakati waliliua wenyewe siku ya kwanza kwa haraka ya maji baridi.

*Mwili.* Hapa ndipo gharama ilipo. Unaingia nyumba usiyoijua, na yeye anajua unakuja na hela. Nenda asubuhi, kati ya saa 4 na saa 6, na mtu mzima mwingine. Dereva wa kirikuu awe wako, usiletewe na muuzaji. Kama kitu kinaweza kutolewa barazani, kitolewe barazani. Kwa dada anayekwenda peke yake sina ushauri zaidi ya kutokwenda peke yake. Nimesikia mengi ya kutosha, na friji la bei nafuu litatangazwa tena kesho.

Kuna hila moja ninayoipenda. Kabla ya kugonga geti, ingia duka la jirani ununue maji, uulize: "Hapa ndipo kwa fulani anayehama?" Mwenye duka la mtaa anajua nani anahama, nani anadaiwa, na nani si wa hapo. Siku ile ya mahindi, mama wa dukani angeniambia kwa dakika moja kwamba pale hapajawahi kuwa na nyumba.

*Pesa.* Usitume ya kushikia. Vijana huiita kishika uchumba, nami naona jina limekaa vizuri, maana bibi harusi mwenyewe hujamwona. Lipa kitu kikiwa kimetoka mlangoni na kimesimama kando ya gari.

*Kesho.* Kwenye hili njia ya pili inazishinda zote. Unajua anapokaa, au walau anapopanga, na kuna majirani na mjumbe. Kwa pikipiki hata usifikirie njia nyingine. Utalinganisha kadi halisi ya usajili, siyo kopi, na namba za chesesi na injini kwa macho yako. Mtaandikishana mauziano mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, kisha umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato. Kenya ni logbook, hati ya umiliki, na NTSA, mamlaka ya usafiri. Kadi ikiwa "ipo kwa mwanasheria" au "ipo kwa kaka," mara nyingi ipo kwa mkopeshaji.

*Inamfaa* mnunuzi wa vitu vikubwa aliye mji mmoja na muuzaji na anayeweza kupata mtu wa kufuatana naye. Asiye na mtu huyo, asubiri ampate.

Njia ya tatu: utumiwe kwa basi

Nchi hii imejengwa na mizigo ya mabasi. Watu wa Songea, Bukoba na Kigoma wananunua vitu Dar kila siku kwa njia hii, na Nairobi nao wanatuma Kisumu na Mombasa kwa mabasi na matatu za sacco vilevile. Kwa hiyo anayesema "usitume hela kabla" amezungumza kama mtu wa mjini asiye na haja ya kuagiza.

*Jicho.* Halipo. Ulilonalo ni jicho la kuazima. Omba simu ya video, siyo video iliyorekodiwa, na umwamuru afanye jambo la kipuuzi lisiloweza kuandaliwa: aweke kijiko juu ya kompyuta, afungue mipangilio, aandike jina lako kwenye karatasi aiegeshe pembeni. Asiyekuwa nacho atasema kamera yake ni mbovu. Lililo bora kuliko yote ni mtu wako: mpwa anayesoma Dar, rafiki wa jeshi, shemeji. Akienda kukagua na kukituma yeye mwenyewe, umeibadilisha njia ya tatu kuwa ya kwanza kwa gharama ya nauli yake na soda.

*Pesa.* Inatangulia, yote au nusu. Nusu kwa nusu ni mapatano ya haki kwa wote wawili, tusimsahau muuzaji. Naye amewahi kupeleka mzigo Ubungo, mteja akazima simu, boksi likarudi kwa gharama yake. Hamsini kwa mia unatuma baada ya simu ya video, iliyobaki baada ya risiti ya mzigo. Lakini picha ya risiti inatengenezwa. Ipigie ofisi ya mizigo ya basi hilo wewe mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, na uulize kama mzigo wa jina lako upo. Ukipewa namba ya "ofisi" na muuzaji, unaweza kuwa unazungumza na rafiki yake aliyeketi kitanda kimoja naye.

*Mwili.* Uko salama kuliko njia zote. Unaupokea mzigo stendi ya mjini kwako, mchana, mbele ya karani.

*Kesho.* Basi linawajibika kufikisha boksi. Kilichomo ndani halikijui. Rekodi video ukilifungua boksi pale pale kaunta, bila kukata picha. Haitakurudishia hela peke yake, ila utakapokwenda kuchukua RB (namba ya taarifa yako) polisi utakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya hasira.

*Inamfaa* aliye mbali, anayenunua kitu ambacho kwao hakipatikani, kwa kiasi ambacho akikipoteza atasikitika lakini atakula. Spea ya gari, vitabu, viatu, kamera ndogo kwa muuzaji ambaye watu unaowafahamu wamewahi kununua kwake. Na kama uko Morogoro au Dodoma, tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 swali limebadilika kidogo: kwa kitu cha milioni, tiketi ya kwenda kukiona mwenyewe na kurudi inaweza kuwa bima ya bei ndogo kuliko zote.

Njia ya nne: bodaboda alete, ulipe ukipokea

*Jicho.* Unaona, lakini kwa dakika tano, getini, huku dereva anasema ana mzigo mwingine Tegeta. Gauni utalijua, sufuria utaijua, spika utaiwasha. Kompyuta huwezi kuijua kwa dakika tano. Kubaliana mapema na muuzaji kwamba utajaribu kwa muda gani, na dereva aambiwe kabla hajatoka.

*Pesa.* Inatoka kitu kikiwa mbele yako, jambo jema. Utapeli wa njia hii ni mdogo mdogo: "Tuma elfu tano ya boda kwanza." Ukituma, boda haji, na elfu tano haimpeleki mtu polisi. Ndiyo maana inafanya kazi. Ya boda ilipwe mlangoni pamoja na ya kitu.

*Mwili.* Hukwenda popote, lakini umemwonyesha mgeni unapokaa na kwamba una uwezo wa kununua. Pokelea dukani kwa jirani, kazini, au kwenye kituo cha boda ambapo madereva wa mtaani wanakujua.

*Kesho.* Kiza. Muuzaji hujamwona, na dereva ni mtu aliyekodiwa barabarani. Kama ni ukurasa wenye wateja wa miaka mingi, jina lake ndilo dhamana yako; kama akaunti imefunguliwa juzi, huna kitu.

*Inamfaa* mama mwenye kichanga, mwenye duka asiyeweza kufunga, na yeyote anayenunua nguo, vyombo na vitu vinavyojieleza vyenyewe.

Na fremu je?

Wengine watauliza kwa nini wasiende tu kwa muuza simu zilizotumika mwenye fremu, yaani chumba cha duka, Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi. Swali zuri, na jibu lake ni bei. Mwenye fremu anapanga, analipa kodi, naye anaweka faida. Kwa hiyo utalipa zaidi kuliko kwa mtu wa mtandaoni. Unacholipia ni mlango wa kurudi kesho. Dai risiti yenye IMEI na muda wa majaribio ulioandikwa, hata wiki moja. Bila maandishi hayo, umelipa bei ya fremu kwa huduma ya barabarani.

Mtu wa katikati

Kuna mchezo mmoja unaoweza kukupata njia yoyote, hata ukiwa umekiona kitu kwa macho na kukishika. Tapeli anachukua tangazo la muuzaji wa kweli, analitangaza kama lake kwa bei ya chini. Kwa muuzaji anasema, "Mdogo wangu anakuja kukagua, mambo ya bei usimwambie, nitalipa mimi." Kwako anasema, "Utamkuta kijana wangu, usijadili naye bei." Mnakutana, kitu ni kizima, wote wawili mnaridhika, wewe unatuma hela kwa aliye kwenye simu. Kisha wewe na muuzaji mnatazamana, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mwizi.

Dawa yake ni fupi. Mlipe aliye mbele yako, anayekimiliki kitu, na bei itajwe kwa sauti mbele yenu wote. Kabla ya kuweka namba ya siri, lisome jina linalotokea na ulifananishe na kitambulisho chake. Likiwa jina la mtu mwingine na maelezo ni "laini ya shangazi," mlipe taslimu au acha. Subiri hadi ujumbe uingie kwenye simu yake, usome pamoja naye.

Na ukishapigwa, usikae kuomboleza. Pigia mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo. Kenya ujumbe wa M-Pesa unaupeleka 456. Hifadhi mazungumzo kabla hajayafuta, nenda polisi upewe RB, au OB kwa walio Kenya. Tanzania namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Mimi sikufanya hata moja kwa sababu niliona aibu. Aibu yangu ilimsaidia yule bwana kuliko ile hamsini.

Kwa hali yako

Unanunua simu au kompyuta na mko mji mmoja: mkutane mezani, mchana, na muda wa kutosha. Muuzaji akikataa kabisa kuifuta mbele yako, hata bei ya bure ni ghali.

Uko mkoani na kitu ni cha gharama: tafuta mtu wako kwanza, muuzaji baadaye. Ukimkosa, fikiria fremu yenye risiti inayotuma mikoani.

Uko mkoani na kitu ni cha elfu thelathini: simu ya video, nusu kwa nusu, basi.

Uko ughaibuni, Muscat au Minneapolis, unamnunulia mama televisheni kijijini: usimlipe muuzaji kutoka huko uliko. Mtumie ndugu mmoja unayemwamini, alipe akiwa ameiona inawaka.

Huwezi kutoka nyumbani: bodaboda, kwa vitu vya kujieleza, upokelee kwa jirani. Cha thamani kisubiri siku utakayoweza kutoka.

Ni chombo cha moto: nenda kwake na fundi wako, kadi halisi mkononi, mpitie serikali ya mtaa. Kama muuzaji ana haraka ya kwenda uwanja wa ndege, mtakie safari njema.

Na kama ni friji, mwenyewe anahama mkoa, wateja ni wanne na anakupenda wewe: mwambie unakuja kesho asubuhi na hela kamili. Kodi kirikuu, pitia dukani kuuliza. Ukikuta friji, lisikilize. Ukikuta mahindi, geuzeni gari. Umepoteza nauli tu.